Sifuri ya Kwanza Sio Malipo

Vijana wangu wa mwaka wa tatu na wa nne, kurasa zenu zinafunguka na fomu zinatuma, nawapongeza. Lakini mkikabidhiwa kuunganisha M-Pesa kupitia Daraja, yaani mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, kosa ni lilelile kila mwaka, kana kwamba mnarithishana.

1. Sifuri ziko mbili. Ukituma ombi la STK Push, lile linalomtokea mteja kwenye simu aweke PIN, jibu linarudi papo hapo na ResponseCode 0. Mgeni akiiona, anaandika oda "imelipwa" na mzigo unatoka. Jamani! Sifuri hiyo inasema ombi limepokelewa, basi. Mteja hata PIN hajabonyeza. Matokeo yanakuja baadaye kwenye CallBackURL, anwani ya seva yako uliyoitaja kwenye ombi, yakiwa na ResultCode: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati.

Ukishalijua hilo, unatumbukia shimo la pili, na humu tumetumbukia wengi tunaojifanya wakali leo. Kolbeki moja, yaani ujumbe huo wa matokeo, inaweza kuingia mara mbili. Kwa hiyo unaandika: tafuta risiti kwenye jedwali, isipokuwepo, ongeza salio. Kwenye laptop yako haikosei hata siku moja, maana uko peke yako. Seva ina michakato minne inayofanya kazi kwa pamoja. Kolbeki mbili zikipishana kwa milisekunde chache, kila moja inatafuta, haikuti kitu, inaongeza. Aliyelipa shilingi 500 sasa ana 1,000, na huyo hapigi simu kulalamika. Utakuja kugundua mwisho wa mwezi, mhasibu akikaa na vitabu.

Dawa yake sio kurundika if nyingine. Weka UNIQUE (sharti la kutorudiwa) kwenye safu ya MpesaReceiptNumber, namba ya risiti, kisha kuingiza risiti na kuongeza salio viwe ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata. Kolbeki ya pili itakataliwa na hifadhidata yenyewe. Lidake kosa hilo, jibu 200 (nimepokea), endelea. Hifadhi kolbeki nzima ilivyofika kabla hujaichambua. SMS na risiti za PDF zipeleke kwenye foleni, usimcheleweshe aliyekuletea taarifa. Linganisha CheckoutRequestID (namba ya ombi lako) na kiasi dhidi ya oda yako. Kolbeki isipofika, kaulize mwenyewe kwa STK Push Query, ombi la kuuliza hali ya malipo, na kaulize pia unapoitilia shaka: anwani yako ikivuja, yeyote mwenye curl, programu ya kutuma maombi ya wavuti, anaweza kukutumia "malipo".

2. Pesa zihifadhi kwa senti, namba kamili. Desimali hukosea: kwenye JavaScript 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004.

3. Saa hifadhi kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), lakini ripoti ikate kwa saa za hapa. Sisi tuko mbele kwa saa 3. Ukikata siku kwa UTC, mauzo ya saa nane usiku yanahesabiwa jana, na meneja atadhani mmeiba.

4. Oda 50 kwenye ukurasa, maswali 51 kwenye hifadhidata, moja la orodha na moja kwa kila oda: washa logi uyahesabu.

5. Faili la .env, lenye funguo zako za siri, likiingia Git (hifadhi ya matoleo ya msimbo), kulifuta kwenye komiti, yaani toleo, inayofuata hakulitoi kwenye historia. Badilisha funguo kwanza, usafi baadaye.

Na kabla hujaniambia "kwangu inafanya kazi", chukua kolbeki moja uliyohifadhi, ipige mara 20 kwa wakati mmoja, kisha hesabu mistari kwenye jedwali la risiti na utazame salio. Mistari ikizidi mmoja, rudi namba 1.