Usiizibe Tundu ya Ilimba

Juzi saa tano usiku, nimeshazima taa, simu ikaingia ujumbe. Kijana wa Mbagala, msomaji wangu wa siku nyingi: "Shikamoo kaka. Nimenunua bazaa kumi, zile za kengele za mlangoni, Kariakoo, nataka kutengeneza zeze la umeme kama ile ilimba yako. Nianze kulehemu wapi?" Nikamwambia alale, jibu atalikuta hapa. Ni refu, na najua wapo wengi wenye hamu kama yake. Sisi wa ukurasa huu tunatafuta kitu kimoja: mlio ambao haujawahi kutoka kwenye spika ya mtu mwingine.

Nianze na aibu yangu.

Miaka sita iliyopita mzee mmoja wa Kigogo, jirani yangu Kimara wakati huo, aliniachia ilimba yake. Kwa asiyeijua, ni sanduku la mbao lenye ndimi za chuma unazozipiga kwa vidole gumba. Ni ndugu wa kalimba na likembe, ila ya Wagogo huweza kuwa kubwa ya kujaza mapaja. Huko nje wengi waliijua kupitia marehemu Hukwe Zawose, aliyetoka Dodoma akaja kufundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mzee aliniambia maneno mawili tu: "Itunze, mwanangu."

Mimi nikaifanyia ufundi.

Bazaa ni kile kisahani cha rangi ya dhahabu kinacholia ndani ya kengele za mlangoni na alamu ndogondogo. Mgongoni kina tabaka jeupe la fuwele. Ukilipa umeme linatetemeka. Ukilitikisa, linatoa umeme. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele zikiminywa hutoa umeme, na leo unakinunua kisahani hicho kwa hela ya chai. Nilikibandika chini ya mbao, nikachomeka waya kwenye amplifaya, nikapiga ulimi mmoja. Sauti ikaja, lakini kila noti ilikuwa na mkia: zzzz.

Nikasema hiyo ni hitilafu. Nikaigeuza ilimba kwenye mwanga wa dirisha, nikaona tundu ndogo ubavuni imefunikwa na utando mweupe, mwembamba kuliko karatasi ya sigara, wa buibui. Nikadhani uchafu wa miaka. Nikaukwangua kwa wembe, nikaziba tundu kwa gundi ngumu, nikapiga msasa. Mkia ukakatika. Nilifurahi, Mungu anajua.

Wiki hiyo hiyo nikaipeleka kwenye sendofu, ukumbi mmoja Tabata. Nilichomeka moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Ikalia kama kijiko kwenye bati, besi hakuna kabisa. Nikaomba sauti ipandishwe, spika zikaanza kupiga mluzi, watu wakaziba masikio. MC akaniomba nikae, na muziki wa diski ukawashwa kabla sijachomoa waya wangu. Nilipita katikati ya meza nimeikumbatia ilimba kama mtoto mgonjwa. Bado linaniuma. Dakika mbili tu wangenipa.

Tatizo la besi lina sababu na dawa. Fuwele ile ina umeme dhaifu, inataka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, yaani panapouzuia sana umeme kupita, kama ohmu milioni 1 hivi au zaidi. Njia ya kawaida ya mikisa ina ohmu elfu chache tu, kwa hiyo sauti nene zote zinamezwa. Katikati weka saketi ndogo ya transista moja ya aina ya FET, inayopokea umeme dhaifu bila kuumeza, na betri ya volti 9. Ilinichukua wiki tatu za kuunguza vidole, sina haja ya kuzisimulia.

Sasa ikalia vizuri. Nikampelekea mzee kwa majivuno. Akapiga mara nne au tano, akaiweka mkekani taratibu.

"Hili sasa ni sanduku," akasema. "Mwenye nyumba umemfukuza."

Ule mkia niliouita hitilafu ndio uliokuwa ilimba yenyewe. Ulimi unatikisa mbao, mbao inatikisa hewa ya ndani, utando unatetemeka juu ya tundu, na sauti inapata mchanga wake. Nilikuwa nimekata ulimi wa mtu halafu nikamnunulia maiki.

Tulitoboa gundi. Utando tuliupata nyuma ya kabati langu, kile kibandiko cheupe cha duara ambacho buibui wa ukutani hufunikia mayai yake, kishahamwa. Mzee aliubandua kwa ncha ya wembe, akauvutia pumzi kidogo kuupima, akaubandika kwa nta ya nyuki. Akapiga. Zzzz. Nilishindwa kumtazama usoni.

Basi vijana wenzangu, sikieni. Kabla ya kulehemu, kaisikilize ala. Kaa na mwenye nayo, akupigie mpaka uchoke, kisha sikiliza tena. Mnaangalia video za theremin, ile mashine ya Mrusi ya karibu mwaka 1920 inayopigwa bila kuguswa, mnadhani ubunifu unazaliwa mbali. Wapiga kidumbak, ile taarab ya mitaani ya Zanzibar, wamepiga besi kwa sanduku, mti na kamba. Taarab ya Mombasa iliichukua taishokoto, ala ya nyuzi ya Kijapani, iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912 na kuwekewa vibonye kama vya taipureta, ikaimba Kiswahili. Bendi ya Konono Nº1 ya Kinshasa waliunda vipokea sauti vya likembe kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, na mkwaruzo wa spika zao hawakuufuta. Waliusikiliza kwanza. Ndiyo maana narudia: sikiliza.

Mwezi uliopita produsa mmoja wa singeli, Manzese, alirekodi ilimba ile. Mdundo ulizidi mapigo 200 kwa dakika, nikajua itazama. Haikuzama. Ule mchanga ulipita juu ya ngoma zote bila kuongezewa sauti, na yule kijana akavua hedifoni akaniuliza, "Hii zzz umeweka programu gani?" Mzee hakuwahi kuisikia rekodi hiyo. Alirudi kwao Dodoma, akafia huko.

Mdogo wangu wa Mbagala, zeze lako lina kibuyu, na kibuyu kina tabia zake. Jumamosi nipo karakana kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo na zeze na upinde wake, na kama unamjua mtu mzima anayelipiga, mbembeleze aje, nauli nitatoa mimi. Bazaa ziache nyumbani.