Flaiwili kuingia si kufaa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya injini za boti, kosa lililonigharimu kuliko yote nililifunga mwenyewe kwa boliti sita.

Ilikuwa Ford 302, injini ya V8 (silinda nane), iliyotoka ovahoo. Flaiwili yake, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ilikuwa imekwisha meno, nikaletewa nyingine. Matundu yakakubali, meno idadi ileile, stata ikashika. Kwenye silensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa, ilitetemeka kidogo, nikasema itazoea. Ilipofika mizunguko 3,000 kwa dakika, spana niliyoisahau juu ya injini ikatembea yenyewe mpaka ikadondoka. Nikabadilisha mipira ya injini, nikapanga upya shafti ya pangaboi. Wapi! Kumbe flaiwili yenyewe ilikuwa ya mizani nyingine.

Injini hizo husawazishwa kwa uzito wa nje: dampa ya mbele (gurudumu la kupunguza mtetemo) na flaiwili ya nyuma hubeba sehemu ya mizani ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Za zamani zinataka wakia-inchi 28 (uzito wa upande mmoja mara umbali wake kutoka katikati); mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaja za 50. Kwa macho ni ndugu, na matundu ni yaleyale. Ukikosea, tofauti yake ni kama kufunga gramu 158 upande mmoja, sentimita 10 kutoka katikati. Kwa mizunguko 3,000, gramu hizo zinavuta krenki kwa nguvu ya kilo zaidi ya 150, zikizunguka nayo. Ndipo beringi zinapokwisha kabla ya siku zake.

Kwa hiyo flaiwili ya zamani usiitupe, hata kama imepasuka. Tafuta upande ulioongezwa chuma au uliotobolewa, uulinganishe na mpya. Namba za krenki ziaminiwe kuliko mwaka wa boti, maana injini hubadilishwa.

Msidanganyike pia na flaiwili nyepesi. Kwenye gari la mashindano sawa. Botini, ukiingiza gia, pangaboi linakamata maji papo hapo na hakuna klachi ya kuachia taratibu. Nyepesi itakuzimia ukiwa unafunga gatini, na giaboksi itagonga kwenye silensa.

Kusawazisha ni hatua ya mwisho, baada ya kuchonga kila kitu. Pima pistoni zote, zipunguze uzito zifikie ile nyepesi kabisa. Kwa V8, fundi wa mizani atafunga kwenye krenki vyuma vya kuwakilisha uzito wote unaozunguka na nusu ya ule unaopanda na kushuka, basi mpe pistoni moja kamili na pini, ringi, konrodi na beringi zake. Mpe na dampa na flaiwili utakazotumia. Wengi hubaki na dampa karakana, halafu wanamlaumu yeye.

Kabla ya kufunga, pitisha kidole kwenye uso wa krenki inapokaa flaiwili. Chembe ya rangi tu inatosha kuifanya flaiwili iyumbe. Na boliti za flaiwili ya 302 matundu yake yanafika kwenye oili: zipakwe gundi ya kuziba. Mimi nilisahau hilo pia, injini ileile.