EPCOT: ulipangwa, kilifunguliwa au ilifunguliwa?

Swali: "Ninaandika makala kuhusu EPCOT, bustani ya Disney iliyoko Florida, Marekani. Katika maandishi ya watu nimekuta 'EPCOT ulipangwa', 'EPCOT kilifunguliwa' na 'EPCOT ilifunguliwa'. Ipi ni sahihi? Jina lake refu nimelitafsiri 'Jamii ya Mfano ya Majaribio ya Kesho', lakini mhariri haridhiki, tena anataka niandike Epikoti. Na kijiji cha Harambe kilichoko kwenye bustani jirani, mbona kina e moja?"

Jibu: Viambishi vyote vitatu vina mahali pake, kwa sababu jina hilo limebeba vitu vitatu kwa nyakati tofauti: mji, kituo, kisha bustani. Kosa huja pale mwandishi anapovichanganya bila kumwonyesha msomaji anazungumzia kipi.

Tuanze na mji, maana huko ndiko jina lilikozaliwa. Walt Disney alipotangaza mradi wake wa Florida, tarehe 15 Novemba 1965, kampuni yake ilikuwa imekwisha kununua ardhi ya zaidi ya ekari 27,000 karibu na Orlando, ikitumia majina ya kampuni nyingine ili bei isipande. Oktoba 1966 alirekodi filamu ya kueleza alichotaka kujenga humo: mji wa watu 20,000, kitovu chake cha ekari 50 kikiwa chini ya paa, treni ya reli moja ikipita juu, magari na malori yakipita chini ya ardhi. Wakazi wangepanga nyumba, wasingezimiliki. Mji huo aliuita "Experimental Prototype Community of Tomorrow". Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, na filamu ikaonyeshwa kwa umma Februari 1967. Mji wenyewe haukujengwa. Kwa hiyo unapoandika habari za miaka ya 1965 na 1966, "ulipangwa", "ulibuniwa" na "haukujengwa" ni Kiswahili safi, ilimradi neno "mji" liwe limetangulia: mji wa EPCOT ulipangwa kuwa na wakazi 20,000.

Kilichofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982 ni kitu kingine. Kiliitwa EPCOT Center, na neno hilo la pili ndilo lililowaletea watu "kituo", na kituo kikaleta "kilifunguliwa". Ni sawa kwa kipindi hicho. Mwaka 1994 neno hilo liliondolewa, pakawekwa mwaka: Epcot '94, kisha Epcot '95. Kuanzia 1996 ikabaki Epcot peke yake, kwa herufi ndogo baada ya E. Mwaka 2020 herufi kubwa zilikuwa zimerudi, EPCOT, na hivyo ndivyo uandike leo. Kwa sasa kinachotajwa ni bustani, na bustani iko ngeli ya I-ZI: bustani ya EPCOT ilifunguliwa 1982.

Je, kama kifupisho kimesimama peke yake, bila nomino mbele yake? Hapo Kiswahili kina desturi yake ya siku nyingi. Tunasema "chama cha TANU kilianzishwa 1954", lakini tukiondoa "chama" tunasema "TANU ilianzishwa 1954". Kifupisho kikiwa peke yake huvutwa kwenye I-ZI. Basi "EPCOT ilifunguliwa", hata kama moyoni unawaza kituo. Kituko ni sentensi kama "bustani ya EPCOT kilifunguliwa", ambamo mwandishi ameandika nomino moja akapatanisha na nyingine iliyobaki kichwani mwake. Ukisoma aya yako kwa sauti utalisikia kosa hilo mara moja.

Kuhusu tafsiri, mhariri wako ana haki ya kutoridhika. Ugonjwa uko kwenye mlolongo wa "ya". Ukiandika "Jamii ya Mfano ya Majaribio ya Kesho", msomaji hulishika "majaribio ya kesho" kwanza, akadhani kuna majaribio yatakayofanyika siku inayofuata, kama mtihani wa darasani. Neno "kesho" lenyewe halina tatizo. Tunalitumia kwa maana ya siku za mbele kila tunaposema vijana ni taifa la kesho. Linachotaka ni kukaa ubavuni mwa nomino yake. Halafu "jamii" ni pana mno, kwani ni watu kwa ujumla wao na mila zao. Kilichokusudiwa ni watu wanaokaa pamoja chini ya mpango mmoja, na hiyo ni jumuiya. "Mfano" nao una mtego: shamba la mfano kwetu ni shamba bora la kuigwa, ilhali hapa kinachosemwa ni kitu cha kwanza kinachotengenezwa ili kijaribiwe kabla ya kutengenezwa vingine. Mimi ningeandika "Jumuiya ya Kesho, Mfano wa Kwanza wa Majaribio". Ni refu kidogo, lakini kila neno limeshika mahali pake. Liandike mara moja, pale jina linapoonekana kwanza, kisha endelea na EPCOT.

Usijaribu kutunga kifupisho cha Kiswahili kutokana na tafsiri hiyo. Sisi hatufupishi kwa njia ileile. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na BAKITA ni Baraza la Kiswahili la Taifa: tunachota silabi na kuziacha "wa" na "la" njiani. Kiingereza hapa kimechota herufi mojamoja, hata ile O ya kihusishi "of" ikaingizwa, maana bila hiyo neno lisingetamkika. Jambo moja tu linafanana: kifupisho kikizoeleka, huanza kuandikwa kama neno la kawaida. UKIMWI imekuwa Ukimwi katika maandishi mengi, kama EPCOT ilivyokuwa Epcot kwa miaka zaidi ya ishirini.

Epikoti basi? Mdomoni haina ubaya, kwa sababu ulimi wetu hupenda irabu kati ya konsonanti. Kwenye maandishi hapana. Ni jina la biashara, na msomaji akitaka kulitafuta lazima alikute lilivyo. Usilibandike -ni ya mahali pia. "EPCOTni" haisomeki, andika "katika EPCOT".

Umeandika "bustani", na hapo umefanya vizuri. Wako wanaoandika "hifadhi ya EPCOT" kwa sababu Serengeti huitwa hifadhi. Lakini hifadhi ni mahali pa kulinda kitu kisiharibiwe, na pale hakuna kinacholindwa. Watu wamekwenda kuburudika. Sema bustani ya burudani. Majengo yanayowakilisha nchi mbalimbali, yaliyozunguka ziwa lake, yaite mabanda, neno lilelile la maonyesho ya Sabasaba: yalikuwa 9 siku ya ufunguzi, banda la Moroko likaongezwa 1984 na la Norwe 1988. Lile umbo kubwa la mlangoni, Spaceship Earth, si kuba wala duara. Kuba ni nusu, kama paa la msikiti, na duara ni la bapa, la kuchora kwenye karatasi. Lile ni tufe kamili, limeinuliwa juu ya miguu 6, kilele chake kiko mita 55 kutoka chini, na ngozi yake ni vipande vya pembetatu zaidi ya 11,000.

Sasa Harambe. Ni kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki ndani ya Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa 22 Aprili 1998, na jina lake limetoka kwenye harambee yetu. E moja imeanguka, na hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika harambee, silabi ya mwisho ni "e" peke yake, hivyo sauti hupanda kwenye "mbe". Ukiitoa, mkazo unarudi nyuma hadi "ra", na neno halisikiki tena kama wito wa kuvuta pamoja. Irabu mbili si pambo: kufa na kufaa zinatofautiana kwa herufi hiyohiyo moja. Kwa hiyo kijiji kiandike Harambe, kwa kuwa ndilo jina lake rasmi, lakini sentensi inayoeleza asili yake iandike harambee, kwa e mbili na herufi ndogo.