Jibu: Wasifu wa mama nianzie wapi?

Pole sana ndugu yangu kwa kuondokewa na mama. Umesema kila ukikaa kuandika wasifu wake unaishia "alikuwa mwema, mcheshi na mpenda watu". Hayo yafute, kila marehemu huandikiwa hivyo.

Mimi nilipompoteza wangu nilianza na viatu. Kila usiku kabla ya kufunga mlango aliinama na taa, akahesabu viatu pale kizingitini. Jozi ikipungua, haendi kulala. Anakaa kitini kimya mpaka mwenyewe arudi. Tulikuwa saba, na wajukuu walipokuja akawahesabia vyao pia. Nilipoisoma hiyo, kaka yetu mkubwa, aliyekuwa akichelewa kuliko wote, aliangua kilio. Sikuhitaji tena kuandika kwamba alitupenda.

Basi na wewe tafuta viatu vyako. Waulize mama wadogo na wajomba, maana walimjua kabla hajawa mama wa mtu. Warekodi kwa simu. Wiki hii kichwa chako usikitegemee. Na ukali wake usiufiche. Wangu alikuwa na ulimi mkali, nikasema hivyo hivyo, watu wakacheka huku machozi yanawatoka.

Tarehe na shule, aya moja yatosha. Ila majina ya watoto na wajukuu mpe mtu mwingine ahakiki. Mimi nilimruka mjukuu mmoja, na mama yake mpaka leo ananikumbusha!

Soma kwa sauti mara mbili nyumbani. Pale sauti inapokatika weka alama, na siku yenyewe mtu asimame karibu akupokee kusoma.