Kabla ya kumwalika jirani Krismasi, lipa deni la mkaa

Ukitaka kumshirikisha jirani imani yako kwa kumkaribisha chakula, anza na daftari la mama wa genge. Sisi tunaishi Mabatini, Mwanza, mlimani, nyumba juu ya nyumba na mawe katikati. Mtu akigombana na mkewe huku juu, wa barabarani wanasikia. Mhubiri wa mkutano wa uwanjani ana nafuu moja: katoka mbali, hakuna anayemjua. Nyumbani kwako wanaokusikiliza ndio wanaojua mkaa wa Septemba uliulipa lini, unavyosema na dada wa kazi, na kama maji yakitoka unawaachia wenzako nao wajaze ndoo. Ushuhuda wako wameshausikia mwaka mzima. Siku ya sikukuu unawaeleza tu chanzo chake.

Kwa hiyo mimi na mume wangu, Novemba ikielekea kuisha, hatuanzi na orodha ya vyakula. Tunaanza na madeni, na vitu vya watu tulivyoazima: ngazi, sufuria, beseni la mtu ambalo limeshageuka letu. Kama kuna jirani tumenuniana, mmoja wetu anakwenda kumwona mwezi huohuo. Usingoje kupatana naye kwa pilau. Atajua.

Kisha tarehe. Krismasi yenyewe watu wako kanisani na makwao, na nusu ya Mwanza imeshasafiri. Wa Ukerewe wamepanda meli, wa Sengerema na Geita wamepita darajani Kigongo–Busisi, wa Magu na Kwimba wako kwa wazazi. Wanaobaki ni muuguzi mwenye zamu Bugando, mwanachuo aliyekosa nauli, mlinzi, bibi anayelea wajukuu, na majirani zetu Waislamu ambao hawana safari ya sikukuu hii. Hao ndio wageni wako. Mwaka huu wa 2026 tarehe 25 ni Ijumaa, kwa hiyo adhuhuri wanaume wa Kiislamu wako msikitini. Tarehe 26 ni Jumamosi, na Wasabato hawatoki kwenye Sabato mpaka jua lizame, ambalo kwetu Desemba linazama saa moja kasoro hivi. Inabaki Jumapili ya tarehe 27, kuanzia saa tisa alasiri. Saa kumi na mbili watu waanze kuaga, maana ngazi za mawe gizani si za wazee. Halafu ukiwasha taa ya nje, wadudu wa ziwani wanaishia kwenye wali.

Kualika ndiko kwenye kazi. Mimi huenda mlangoni, situmi ujumbe wa simu, na nasema yote: “Shikamoo mama. Jumapili ya tarehe 27 karibuni kwetu tule pamoja. Kabla ya kula, baba atasoma habari ya kuzaliwa kwa Yesu na kusema kidogo. Haitazidi nusu saa.” Nimeona wanaoficha sehemu ya pili, mgeni anakuja akidhani ni chakula tu, mara Biblia inafunguliwa na mlango uko nyuma yake. Huo ni mtego, na aliyenaswa mara moja harudi. Ukisema wazi, wengine watakataa. Jirani mmoja aliniambia, “Mama, mimi nitakuja kwenye wali.” Alikuja saa kumi na nusu, akakaribishwa, akapewa sahani kama wengine, na hakuna aliyemtupia neno.

Mwenyekiti wa mtaa mwalike pia. Watu wa kanisani wasizidi wachache, tena wapewe kazi ya kugawa chakula. Wakiwa wengi wanakaa upande mmoja, “Bwana asifiwe” inajibiwa “Amina” na haohao, na mgeni anaona kaingia kikao cha watu.

Chakula kwetu ni sato. Sababu ya kwanza ni ziwa liko pale. Sababu ya pili ni kwamba samaki hana suala la nani kamchinja. Na ya tatu, sato ana mapezi na magamba, hivyo Msabato anayeshika Walawi 11 anamla bila wasiwasi, wakati kambare angemrudisha jikoni kwako. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi mapema, funua mashavu uone kama bado ni mekundu, bonyeza ubavu. Kidole kikiacha shimo, mwachie muuzaji. Kaanga wengine, wengine uwapike na nyanya na kitunguu kwa ajili ya wazee wasio na meno ya kushindana na mkavu.

Tukiongeza kuku, anachinjwa na kijana wa Kiislamu wa nyumba ya pili, na pilau inapikwa kwenye sufuria kubwa tulizoazima kwa mama yake. Mama huyo anajua sufuria zake hazijawahi kugusa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, na mwenyewe huja kuonja chumvi. Kuna ndugu kanisani walituuliza kwa nini Muislamu atuchinjie kuku wa Krismasi. Mume wangu aliwafungulia Matendo 11, Petro anavyolaumiwa kwa kuingia kwa watu wasiotahiriwa na kula nao. Hawakuridhika sana, lakini pilau walikula.

Wageni watakuja na sukari, sabuni, kreti ya soda. Pokea kwa mikono miwili, usiseme “jamani mngeacha”. Bia sisi hatuweki. Alasiri ikiingia, uwe na chumba kisafi, mkeka na birika la maji kwa anayetaka kuswali, na umwonyeshe mapema ili asianze kuulizia mbele za watu.

Sasa hiyo nusu saa. Ukiiweka baada ya chakula, watu wanasinzia. Ukiiweka wakati harufu ya pilau imepanda na hakuna kilichoingia tumboni, wanahesabu mistari. Sisi tunaanza na chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, watoto wanakula kwanza wakatoke kucheza, ndipo tunasoma Luka 2, mstari wa 1 mpaka wa 20. Kusoma kwa sauti ya kawaida hakufiki dakika tano. Spika hatuwashi, mgeni yuko hatua tatu kutoka kwako.

Nakumbuka bibi mmoja wa Kisukuma, mfugaji tangu utoto huko Magu. Tulimsalimu “Mwadila mayu”, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, na tulidhani amesinzia. Tulipofika mtoto analazwa kwenye hori la kulia ng’ombe, akafungua macho. “Na ng’ombe wenyewe walikuwa wapi?” Mume wangu akajibu kwamba Luka hakuandika. Bibi akasema mama aliyetoka kujifungua hawezi kuwekwa penye ng’ombe kama kuna mwanamke mwenye akili katika mji huo, na kwamba wachungaji wale, kama kweli waliacha kundi usiku, basi walichokiona si kidogo. Kuanzia hapo hakukuwa na mahubiri. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya wageni na kukosa nafasi, na mzee wa Kiislamu akaeleza kuzaliwa kwa Isa kama ilivyo katika Surat Maryam.

Hapo usikimbilie kubishana. Msikilize mzee amalize, mshukuru, kisha sema unachoamini bila kukipunguza: kwamba kwetu mtoto huyu ndiye Bwana na Mwokozi, na ndiyo maana tumewaita. Petro aliagiza tuwe tayari kujibu kwa upole. Kuficha imani yako ili mgeni afurahi nako hakumheshimu. Alikuja akijua utasema.

Ushuhuda uwe mmoja na mfupi, wa jambo ambalo majirani walilishuhudia. Mume wangu husema kuhusu mwaka ambao biashara ya dagaa ilimfilisi na hasira ikahamia nyumbani. Wanaijua, waliisikia ukutani. Kwa hiyo anapoeleza alivyosali na alivyoomba watoto msamaha, hahitaji kuipamba.

Wachungaji wengine hawatanipenda kwa hili, lakini msiite watu kuokoka pale mezani. Mtu aliyeshika sahani yako hawezi kukukatalia. Atanyoosha mkono kwa adabu, na wewe utaandika jina lake kwenye ripoti. Anayeguswa atabaki nyuma kusaidia kuosha vyombo, na maswali ya kweli mengi nimeyasikia kwenye beseni la vyombo. Watoto wa watu nao usiwafundishe kusali kwa jina lolote kabla hujamuuliza mzazi. Waache waigize wachungaji na malaika kwa khanga zako, wazazi wakiwa wanatazama.

Tunakuwa na nakala ndogo chache za Injili kabatini. Anayeomba anapewa, hatumtilii mtu kwenye mfuko wa mabaki ya wali.

Januari ikifika na ada zake, nenda kwao. Bakuli la jirani lililobaki kwako lirudi na chochote ndani, hata karanga. Aliyeuliza swali mpeleke kwenye jibu, mkubaliane siku ya kusoma pamoja, saa moja tu, kwake au kwako. Ambaye hakuuliza, msalimie kama zamani, na maji yakitoka mwite ajaze ndoo.