Kichaka kilichotoweka porini kikabaki bustanini

SWALI: Nimesoma kwamba kichaka cha maua meupe kiitwacho Franklinia hakijaonekana porini kwa zaidi ya miaka 200, ilhali kinaendelea kupandwa bustanini. Mmea huwezaje kutoweka kwao na bado ukawa hai? Je, hauwezi kurudishwa?

JIBU: Ulichosoma ni kweli. Franklinia, ambayo ni ya ukoo mmoja na mchai, haijulikani kuwahi kuota porini popote isipokuwa karibu na mto Altamaha, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, ambako wataalamu wa mimea John Bartram na mwanawe William waliikuta mwaka 1765. Baadaye William alirudi huko, akachuma mbegu na kuzipeleka kwenye bustani ya familia yao mjini Philadelphia. Naye aliandika kwamba katika safari zake zote hakukiona kichaka hicho mahali pengine, bali kwenye ekari mbili au tatu tu. Jina la mmea huu linamuenzi Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani aliyekuwa rafiki wa John. Mara ya mwisho kuthibitishwa kuonekana porini ilikuwa mwaka 1803.

Kilichoimaliza hakijathibitishwa. Wapo wanaoshuku moto au mafuriko, na wapo wanaoshuku ugonjwa wa mizizi uliotokana na mashamba ya pamba. Kwa maoni yangu, udhaifu wake mkubwa ulikuwa udogo wa makazi yenyewe, kwani mmea ulio mahali pamoja tu hauhitaji balaa kubwa ili uangamie.

Kuhusu kuurudisha, ugumu hauko katika kupata miche. Inaaminika kwamba kila Franklinia iliyo hai leo imetokana na mbegu za akina Bartram, kwa hiyo mimea hii inafanana mno kinasaba, na ugonjwa unaouweza mmoja huenda ukaiweza yote. Mizizi yake huoza upesi katika udongo unaotuamisha maji, na tunda huchukua zaidi ya mwaka kukomaa, hata kichaka kikawa na maua mapya huku matunda ya mwaka uliopita yakiwa bado yanaiva. Kuipanda tena Altamaha bila kujua kilichoiua huko ni kuihatarisha upya. Ndiyo maana ninawathamini sana wanaoitunza bustanini: maua yale yenye petali tano nyeupe na stameni (sehemu za kiume za ua) za manjano, yanayochanua majira ya joto yakielekea ukingoni, yangekuwa yamebaki katika michoro tu kama mbegu zile zisingechumwa mapema.