Chungu changu cha Kijapani kinatokwa jasho. Nikitupe?

SWALI: Shikamoo Mama. Ninasoma Nagoya, Japani. Mwezi uliopita nilinunua donabe, kile chungu cha Kijapani, kwenye duka la vitu vilivyotumika, bila karatasi ya maelekezo. Nilikiosha, na jioni hiyohiyo nikabandika supu ya samaki kwenye jiko la gesi. Kitako kikatoa jasho mpaka likawa linachirizika motoni, na sasa ndani kina mistari kama utando wa buibui. Nikitupe? Kama kinafaa, naweza kupikia wali wa nazi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikitupe bado. Kigonge taratibu ubavuni kwa kucha. Kikilia kama kengele ndogo, ni kizima. Kikitoa sauti ya debe bovu, kina ufa uliopenya hadi nje, na hicho ukipandie maua.

Ile mistari mara nyingi si ugonjwa. Udongo na lile tabaka la kung'aa kama kioo lililopakwa juu yake havitanuki sawasawa vikipata moto, basi tabaka linachanika vipande vidogo vidogo. Wajapani huita kannyu, na wako wanaoupenda mchoro wake. Jasho nalo lina sababu yake: udongo wa donabe umejaa vitundu. Ule wa Iga, mkoani Mie, si mbali na hapo ulipo, ulichimbwa mahali palipokuwa chini ya ziwa zamani za kale. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya mimea, nayo yakiungua tanurini huacha nafasi tupu. Nafasi hizo ndizo zinazokifanya chungu kishike moto polepole na kuuachia polepole. Ndizo pia zilizoinywa supu yako.

Kwa hiyo kosa halikuwa la chungu. Hukukinywesha uji. Bibi zetu pwani hawabandiki mchuzi kwenye chungu kipya kabla ya kukitayarisha, na Wajapani nao wana kazi hiyo, wanaiita medome. Kwa kuwa chako kimeshakunywa samaki, anza kwa kuchemsha maji na majani ya chai yaliyokwisha kutumika, dakika kumi hivi, kisha mwaga, suuza, ukiache kikauke kabisa kimepinduliwa. Kabisa maana yake siku nzima, kitako kikiwa wazi kipate hewa. Halafu tia maji mpaka karibu robo tatu, na wali uliokwisha kuiva kiasi cha sehemu moja kwa tano za maji hayo. Bandika kwenye moto mdogo, koroga mara kwa mara, uuache uji uchemke karibu saa nzima mpaka uwe kama gundi. Zima. Hapa wengi hukosa subira: uache uji upoe humohumo, ikibidi mpaka kesho yake, ndipo umwage. Wanga wake ndio unaoziba vile vitundu. Kikitoa jasho tena baada ya miezi, rudia.

Kinachopasua donabe ni mabadiliko ya ghafla, si ukali wa moto peke yake. Usibandike kitako kikiwa na maji, hata tone, maana maji yaliyojificha kwenye udongo yakigeuka mvuke hutafuta njia ya kutoka. Usikipashe kikiwa kitupu. Ukikiipua, kiweke juu ya kibao au kitambaa kilichokunjwa, si kwenye sinki baridi. Na usikiloweke kwenye maji ya sabuni. Vitundu vinavyokunywa supu hunywa na sabuni.

Kuna vyungu vinavyovumilia zaidi. Vile vya Banko, vya mji wa Yokkaichi, huchanganywa petalaiti, madini yenye lithiamu ambayo hayatanuki sana kwenye joto. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya petalaiti hiyo ilikuwa ikitoka Bikita, Zimbabwe. Huenda basi chungu chako kina vumbi la Afrika ndani yake, ila usikipime uvumilivu kwa sababu hiyo.

Wali sasa, anza na mweupe. Vipimo viwili vya Kijapani, yaani mililita 360 za mchele wa huko. Osha, loweka nusu saa, chuja, tia maji kama mililita 400. Funika, moto wa wastani unaoelekea kuwa mkali. Baada ya dakika kumi au kumi na mbili mvuke utatoka kwa nguvu kwenye tundu la mfuniko. Ongeza dakika moja au mbili ukitaka ukoko, kisha zima na usifunue kwa dakika ishirini. Joto la udongo humalizia kazi ambayo kwetu hufanywa na makaa yaliyopaliwa juu ya mfuniko. (Makaa yenyewe usiyaweke juu ya huu!) Ukoko huo Wajapani huuita okoge, na mezani huugombania kama sisi.

Ukiwa na wageni, usipakue jikoni. Donabe hupelekwa mezani juu ya jiko dogo la gesi ya kopo, supu ya mwani wa kombu ikichemka taratibu, na kila mtu ana kibakuli chake. Karoti, figili na mashina ya kabichi hutangulia. Samaki na majani laini hufuata, kidogo kidogo kadiri watu wanavyokula. Zima mapema kuliko unavyodhani, kwani kitaendelea kutokota. Mchuzi unaobaki usimwage: tia wali, kisha mayai yaliyopigwa, funika dakika moja. Hiyo ndiyo zosui, na mimi huiachia nafasi tumboni tangu mwanzo.

Wali wa nazi unawezekana, lakini subiri chungu kizoee wali mweupe mara kadhaa. Tui lina mafuta na huungua upesi chini, basi pikia tui jepesi kwa moto wa wastani, na zito ulitie maji yanapokaribia kukauka, moto ukiwa mdogo kabisa. Harufu ya nazi itabaki kidogo hata ukichemsha majani ya chai. Kama unapenda pia supu za Kijapani, tafuta chungu cha pili dukani hapohapo, na safari hii kigonge kabla ya kulipa.